Ndege Imefika

Siku niliyoacha kazi, nikirudisha mkanda wa kupandia kule depo, vijana wa ekipe yetu ya mafundi walinizunguka wakasema, "Papa Anselme, utuandikie." Nikauliza niandike nini, kwani kila kitu kiko ndani ya kitabu cha kazi. Wakanijibu kwamba kitabu kile kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kunyeshewa. Hapo walinishinda. Basi naandika. Vyeo sitaandika, maana cheo changu kikubwa kilikuwa kufika chini nikiwa mzima, na mishahara yetu tunaijua wote. Nitaandika habari ya pilone, minara ya simu, na ndege mmoja aliyekaa juu ya moja yao, na Hangi, sentinele, yaani mlinzi, wa pilone ya Nyabiondo, aliyekufa kwa sababu ya maneno mawili. Maneno hayo nilimfundisha mimi. Na kuna jambo jingine humu ambalo hata mke wangu hajalisikia.

Nilizaliwa Mushaki, kwa watu wa ng'ombe na maziwa. Kabla ya kazi hii, mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda palikuwa mti wa avoka, na hapo pia nilianguka. Aliyenifundisha ni Papa Ferdinand, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, ambaye meno yake ya mbele yalibaki kwenye pilone fulani ya zamani. Hakutuambia ni ipi, ili tuziogope zote. Siku yangu ya kwanza alinishika kifundo cha mkono akasema, "Mikono na miguu iko ine. Moja ikitembea, tatu zinakamata. Usiangalie chini, usiangalie juu. Angalia chuma iko mbele ya pua yako." Nilipanda. Nusu ya njia nilitapika. Akapaza sauti kutoka chini yangu, "Vizuri, umebatizwa! Lakini na miye umenibatiza, niko hapa chini!"

Mambo yake nayarudia kwenu, kwa sababu hayazeeki. Kila kipandio ukivute kwa mkono kabla ya kukipa mguu. Waya wa shaba unaoshuka ardhini uangalie kwanza, kabla ya yote, maana watu wanaukata kutengeneza bangili, na radi ikija haiulizi nani alivaa bangili. Mvua ikianza kunusika, shuka. Usingoje kulowa ili uamini. Na ukifika kwenye saiti, msalimie sentinele kabla ya mashine. Mashine haikumbuki ulivyoiamkia, sentinele anakumbuka.

Pilone ya Nyabiondo inasimama juu ya mgongo wa kilima, mita sitini za chuma, na mashamba ya maharagi na mihogo yanashuka kutoka miguuni pake. Pikipiki inakufikisha mahali fulani tu, kisha unapanda kwa miguu, betri mgongoni, bidoni za mazuti, mafuta ya jenereta, kichwani. Mara ya kwanza nilipoipanda nilikuwa nimekaribia antena za juu, nikasikia sauti kama shuka linapasuka. Halafu sikio langu la kushoto likawa moto. Nikaikumbatia ile chuma, nikalia "Mama yangu!" bila haya. Ndege akapita tena, nikamwona sasa: mgongo wa kijivu cha slati, kifua chenye mistari, ndevu mbili nyeusi chini ya macho, miguu ya manjano. Anatoka juu sana, anakunja mabawa, anajiachia. Nilishuka na damu shingoni. Papa Ferdinand alikuwa ameketi kwenye majani, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Anselme! Ulipiga hodi?"

Aliyeniosha sikio kwa maji ya chumvi ndiye Hangi. Alikuwa sentinele mpya, Muhunde wa palepale, shamba lake lilikuwa chini ya kilima. Mtu mpole, mrefu, anayesema polepole mpaka unataka kumsukuma. "Pole, kaka," alisema. "Hiyo ndege haina mubaya. Iko na mayai. Hata bibi yangu akiwa na mutoto ya siku mbili, usiingie mu nyumba bila kubisha."

Vitabu vinamwita kozi. Mama zetu wanamwita kipanga, kama wanavyomwita kila ndege mwenye kucha, na wanamlaumu kwa kila kuku anayepotea, hata yule aliyeliwa na shemeji. Kumbe huyu hashuki chini kutafuta kuku. Anakamata njiwa na mbayuwayu hukohuko hewani, na manyoya yao yalikuwa yanaanguka juu ya grupe, jenereta yetu ya umeme, mpaka Hangi akawa anafagia kila asubuhi. Kitu kingine: hajui kujenga. Anangoja kunguru wa shingo nyeupe amalize nyumba yake ya vijiti na vipande vya waya, halafu anamfukuza anaingia yeye. Mwenye nyumba nje, mgeni ndani. Huku kwetu jambo hilo halimshangazi mtu.

Hangi alikuwa anasema zamani walikaa kwenye majabali tu, upande wa Walikale. Sasa wamependa vitu vyetu. Nilimwona mmoja chini ya daraja la chuma kwenye njia ya Walikale, ametaga juu ya boriti pale ambapo rangi ilikuwa imebanduka, na malori yanapita juu ya kichwa chake wala hashtuki. Mwingine alichukua mnara wa kengele wa parokia moja, na padri akawa anakwenda kupiga kengele amevaa kofia ya pikipiki. Kwa ndege huyu, kitu kirefu ni jabali. Hajui kama binadamu wanakipigania.

Barua ikaja kutoka ofisini: viota vyote vitolewe kwenye pilone. Papa Ferdinand alikuwa tayari na fimbo. Hangi akamsihi. Sijui kwa nini na mimi nilimsihi, maana sikio langu lilikuwa bado lina kovu jipya. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimemwona akijiachia. Mzee akatutazama, akatupa fimbo. "Haya. Lakini mwenye atapigwa tena asikuje kunililia." Tukapatana hivi: miezi ndege akiwa na mayai na watoto, hakuna kupanda Nyabiondo, ila kwa shida kubwa. Kazi zote za juu tunazimaliza kabla hajafika ao akishaondoka. Papa Ferdinand aliheshimu mapatano hayo mpaka alipofariki, kwenye kitanda chake, kwa uzee, jambo ambalo si kila mtu hapa analipata. Baada yake mimi ndiye niliyepewa ekipe, na Hangi akabadilisha jina langu kwenye simu yake. Badala ya "Anselme" akaandika "Chef", yaani mkuu wa kazi.

Sasa mnisikilize vizuri. Mnajua kwamba chini kabisa ya pilone simu inashika vibaya. Mawimbi yanapita juu ya kichwa chako yanakwenda kwa wengine. Hangi alikuwa mtu wa salamu. Anapiga simu: habari ya mama, habari ya watoto, habari ya Kingi (huko ndiko ninakokaa), ng'ombe za Mushaki ziko sawa? Na kabla hajafika kwenye habari yenyewe, laini imekatika. Siku moja nikakasirika. Nikamwambia, "Hangi, hii si sebule. Kata maneno. Andika mesaji fupi. Ndege imefika. Ndege imeenda. Basi." Akacheka. "Sawa, Chef. Utanifanya nikuwe kama telegramu." Tangu hapo akaandika hivyo, mwaka baada ya mwaka. Ndege imefika. Iko mbili sasa. Imelala. Ndege inaleta vitu. Imeenda. Na mimi nikawa najibu: Vizuri. Endelea kuangalia. Tuliona fahari, wote wawili. Ekipe nyingine zilikuwa zinapigwa vichwa, sisi hapana.

Halafu vita vikarudi. Sitawaeleza vita, mmevikimbia pamoja nami. Wenye bunduki walipanda kilima cha Nyabiondo kwa sababu ileile iliyompandisha ndege: kutoka pale unaona mbali. Wakachimba mashimo kuzunguka uzio wetu. Mazuti ikaisha, pilone ikanyamaza. Na hewani vikaanza kupita vitu vyenye injini, vingine na rubani, vingine bila, na watu wakajifunza kulima huku wanaangalia juu. Nilimtumia Hangi ujumbe aache kazi, arudi shambani. Akajibu kwamba shamba na kazi viko kilima kimoja, aende wapi? Kila mara akawa anatembea mpaka barabarani, ambako simu ya kampuni nyingine ilikuwa bado inashika, ananitumia habari. Habari ya mwisho niliyopata: Ndege inaleta vitu kila siku. Maana yake watoto wameanguliwa, na wazazi wanawaletea chakula. Nilifurahi. Mungu anisamehe, siku ile nilifurahi.

Siku tatu baadaye, ndege ya injini ilipita ikaangusha bomu juu ya mashimo yale. Watu walikufa. Kisha simu zote zikakatwa eneo zima.

Mama Riziki, mke wa Hangi, alifika Kingi kwa miguu. Alikuwa na tope mpaka magotini. Hakukaa. "Papa Anselme, banamushika Hangi. Banasema njo yeye aliita ndege."

"Ndege gani?"

"Ile ya bomu! Banasoma mu telefone yake. Twende, Papa. Weye njo mukubwa ya pilone, batakusikia."

Nilimwambia aningoje nje nivae viatu. Nikaingia chumbani, nikatoa simu yangu mfukoni, nikaisukuma ndani ya gunia la unga wa muhogo mpaka kiwiko changu kikazama. Nilijiambia ninaificha isiibiwe njiani. Mtu anaweza kujidanganya upesi sana akiwa peke yake chumbani.

Tulifika mchana. Mama Riziki walimsimamisha kwenye kizuizi cha chini, mimi wakanipandisha. Kamanda alikuwa kijana, mtaratibu, amekaa kwenye kiti changu, kile cha ndani ya kibanda cha grupe. Hakupiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kimenyooka. Sikumuuliza alikisomea wapi. Mkononi alikuwa na simu ya Hangi. Akanisomea ujumbe mmoja mmoja. Ndege imefika. Iko mbili sasa. Ndege inaleta vitu kila siku. Maneno yaleyale, lakini sasa yalikuwa na injini.

"Afande," nikasema, "ni ndege ya manyoya. Iko na nyumba juu ya pilone. Sisi hatupandi ikiwa na mayai, njo maana anatuambia."

Akatikisa kichwa kama mwalimu. "Mzee, mimi nimesoma. Ndege wa manyoya ni kiumbe hai. Mtu angeandika: ndege amefika, analeta. Huyu ameandika imefika, inaleta. Hiyo ni mashine."

Katika maisha yangu nimeogopa radi, nimeogopa kipandio kilichooza, sikujua kwamba iko siku nitaogopa sarufi. "Afande, kwetu kila kitu ni iko! Ng'ombe iko, mutoto iko. Bibi yangu mwenyewe, nasema mama iko ku shamba. Uliza mtu yeyote!"

Akamwita askari wake mmoja, mtoto wa vilima hivi, akamwonyesha ng'ombe kwenye mteremko wa pili. "Yule anafanya nini?" Askari akajibu upesi, "Ngombe? Iko inakula, Afande." Wengine wakacheka. Kamanda hakucheka, lakini niliona ameyumba kidogo. Akarudia kutazama simu.

"Na huyu Chef ni nani?"

Hapo sasa. Alisema tena, bila haraka, "Kila ujumbe unakwenda kwa Chef. Na Chef anajibu: endelea kuangalia. Mtu wenu tunamuuliza jina hili siku ya pili leo. Hataki. Anasema ni mtu wa ofisini, jina amelisahau. Wewe ni mkubwa wa pilone. Chef ni nani?"

Nilijua jibu. Na nilijua kwamba jibu hilo lingemwondolea Hangi nusu ya mzigo, maana mtu anayeficha jina ndiye mpelelezi, na jina likitajwa hadharani na mwenyewe linakuwa jina tu. Nililijua hilo pale pale, sikulifikiria baadaye. Nikasema, "Ni mutu wa Goma, Afande. Simujui vizuri."

Akaonyesha juu ya pilone kwa kidole. "Basi niletee ndege wako."

Nilipanda bila mkanda, maana mikanda yetu ilikuwa imeshachukuliwa kufungia mizigo. Mikono na miguu minne, moja inatembea, tatu zinakamata. Mama ndege alinianza katikati. Alinipiga kichwani mara tatu, mara ya nne begani, na nilikuwa namwambia, piga tu, piga, una haki. Kwenye kiota palikuwa na watoto wawili, weupe kama pamba, wana macho makubwa ya hasira. Nilimtia mmoja ndani ya shati. Alinichana tumbo njia yote ya kushuka.

Kamanda alimpokea kwa mikono miwili. Uso wake ukabadilika, akawa kijana kweli. Askari wakamzunguka, wakamgusa kwa kidole, mmoja akaumwa, wakacheka wote. "Kumbe," akasema kamanda. "Kumbe ni ndege kweli." Akanirudishia. "Mrudishe kwa mama yake, mzee. Sisi si watu wabaya."

Nikapanda mara ya pili, nikamrudisha. Nilipofika chini walikuwa wamemtoa Hangi shimoni.

Sitaandika walivyomfanya. Hakuweza kusimama. Tulimbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, mimi na wanaume watatu wa kijiji, Mama Riziki anatembea pembeni ameshika mguu wake, mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimfunua, akamfunika, akatoka nje. Njiani Hangi alifungua macho mara moja akaniona na damu usoni. "Ilikupiga tena?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akataka kutabasamu, midomo haikukubali. Asubuhi ya siku ya pili alifariki. Kwa mkewe alisema maneno machache tu, nilikuwa nimesimama mlangoni: "Banataka jina. Sikutoa."

Tulimzika juu ya shamba lake la maharagi. Baada ya maombi Mama Riziki alinijia. Macho yake yalikuwa makavu. "Papa Anselme, ile jina. Ilikuwa ya nani, mpaka mutu akufe juu yake? Ulimujua?"

"Mutu wa Goma," nikamwambia. "Simujui."

Akanishika mikono yote miwili, hapo penye michubuko ya chuma, mbele ya watu wote. Akaniambia aksanti kwa kupanda. Akasema hata ndugu wa damu wa Hangi hakuna aliyethubutu kwenda pale. Tangu siku ile, kila mavuno yake ya maharagi, ananitumia kapo moja, kikapu kimejaa, huku Kingi. Nayala. Mke wangu anayasifu, anasema maharagi ya Nyabiondo hayana mfano, na mimi nameza.

Ninyi vijana mtakwenda tena Nyabiondo siku pilone ikiamka. Andikeni maneno marefu. Andikeni "ndege wa manyoya, mwenye watoto, amefika", hata kama laini inakatika, rudieni. Na karatasi hizi mkimaliza kuzisoma, naomba mmoja wenu azishushe mpaka nyumbani kwa Mama Riziki. Hajui kusoma. Mumusomee yote, polepole, kwa Kiswahili cha kwetu, na mukifika hapa musiruke: Mama Riziki, ile Chef njo miye.